Sala ya Kabla ya Chakula

Mlango ulirudi kwenye karakana ya useremala juu ya mkokoteni, na mwenyewe nyuma yake, kafura.

"Nimeufunga, paka anapita chini! Nani kaukata mfupi hivi?"

Fundi mkuu hakusubiri hata kumeza mate. "Huyu hapa, mama. Vijana wa siku hizi, akili ziko mawinguni."

Kidole kilimwelekea Askofu. Jina hilo walimpa maseremala wenzake kwa sababu yeye ndiye aliyekiombea chakula kila mchana. Mlango ule aliukata fundi mkuu mwenyewe, na wote walimwona. Damu ilimchemka kijana, lakini akauma meno. Moyoni akamwambia Mungu: nakuachia wewe. Akajiona mtakatifu kwelikweli.

Lakini hakumwachia Mungu kupita mchana. Sufuria lilipowekwa katikati, alisimama, akafumba macho.

"Baba, bariki chakula hiki. Na umsamehe, Baba, mwenye mvi mmoja humu ndani, anayewatwika wadogo makosa yake."

"Amina, Askofu! Mpe nyingine!" akadakia mpakaji rangi wa karakana, na kicheko kikapasuka.

Askofu alifumbua macho. Fundi mkuu alikuwa bado ameinama, kofia mkononi, kama alivyofanya kila wanapoomba. "Amina," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akaweka kijiko chini, akatoka nje kwenye rundo la mbao.

Askofu aliacha kula. Mzee alivua kofia kwa heshima ya Mungu, naye Askofu akamchapa kwa maneno papo hapo, kichwa kikiwa wazi. Masikio yakamwaka kwa aibu. Akamfuata.

"Mzee, nisamehe kwa ile sala."

"Unataka nikaseme mlango niliukata mimi?"

Askofu alitazama maranda yaliyoganda kwenye viatu vyake. "Nataka. Lakini sikuja kwa hilo."

Mzee alivaa kofia, akarudi ndani.

Mwenye mlango alirudi jioni. Askofu alikuwa amepiga magoti, akilainisha kwa randa ubao aliouunga kwa gundi chini ya mlango.

"Ndiwe uliyeniharibia mlango, siyo?"

Wenzake waliacha kazi, wakageuka. Fundi mkuu akainama kutafuta msumari ambao hakuwa ameuangusha. Mpakaji rangi alimkonyeza Askofu: sema! Na maneno yalikuwa yamejaa kinywani, matamu, tena ya kweli. Hata kunyamaza kwa uso wa mteswa kungetosha kumuumbua mzee. Alikwisha kuijua mbinu hiyo tangu mchana.

"Utaondoka nao leo, mama. Kiungo hakitaonekana."

"Bora. Na siku nyingine uwe makini."

"Ndiyo, mama."

Akaishika tena randa, uso ameuinamisha karibu kabisa na mbao. Safari hii hakumwambia Mungu neno. Aliona haya kumtuma tena amchape mzee.