Maji Yasiyonguruma

Siku Kamene alipoondoka, karai lake la mafuta lilishinda limefunikwa, na mtaa mzima wa Kianda, Kibera, ukajua kwamba muuza samaki amekwenda kula samaki. Chama cha akina mama kilikuwa kimekodi basi kwenda pwani, kwenye mkahawa uliojengwa juu ya nguzo kando ya ghuba, ambako mteja hula huku maji yakipita chini ya miguu yake. Mumewe, Muema, alimsindikiza hadi stejini.

"Miaka yote hii nakaangia watu," alimwambia akicheka. "Wacha na mimi nikaangiwe."

Basi lilirudi bila yeye.

Wenzake walimletea Muema habari fupi: bahari imemchukua, na mwili haujaonekana. Muema aliipokea kama mtu anayeuziwa maziwa yaliyotiwa maji. Kamene hakujua kuogelea; hata beseni lililojaa alilikwepa. Mtu kama huyo angefuata nini baharini? Shaka ni mchwa. Haina kelele, lakini siku utakayoegemea ukuta utajikuta nje. Polepole akaamini kwamba mkewe yu hai, tena kwa mwanamume mwingine, na kwamba akina mama wa chama wanamfichia siri.

Vijana wa kijiweni hawakumsaidia. "Niaje, mzee Muema! Bibi yako ako huko anakula pweza, wewe unakula moshi!"

Mwaka ulipotimia, alizitoa nguo za Kamene sandukuni na kuzirundika mlangoni. Mawingu yalikuwa yameyalalia mabati tangu alfajiri. Nuria, jirani yake Mnubi, ambaye alikuwa katika safari ile, aliacha kufua.

"Unafanya nini, Muema?"

"Chege anakuja kutoka Kawangware kuzichukua, akauze mitumba. Mwenyewe amepata wa kumvisha."

"Astaghfirullah! Meza maneno hayo."

"Basi nipe yako. Ulikuwa naye, na tangu mrudi unanipita kama ukuta."

Nuria alijipangusa mikono, akaketi kizingitini. 

"Tulikula kaa wa nazi na ngisi. Kamene akamgeuza samaki wake, akamwita mpishi, akamwambia, 'Kaka, huyu umemtia kabla mafuta hayajashika moto.' Tulicheka hadi machozi. Tulipoinua macho, maji hayakuwepo. Ghuba yote mchanga, Muema, mweupe, umetulia kama shuka juu ya maiti. Tukashuka. Mhudumu akatuonya, 'Akina mama, msende mbali, maji yatajaa.' Kamene akamjibu, 'Mwanangu, mimi nimelelewa na mchanga. Maji yakija nitayasikia.'"

Muema aliacha kukunja nguo.

"Alikwenda hadi katikati, akapiga magoti, akaanza kuchimba. Alisema chini ya mchanga kuna maji matamu, atatuchotea tuonje. Sisi tukarudi mezani. Madafu yalikuwa yameletwa."

"Kisha?"

"Kisha maji yakarudi. Wallahi, hayakutoa hata mlio wa mtu anayekunywa. Yaliingia kutoka baharini, yakajaza kwanza mfereji uliokuwa kati yake na sisi, yeye akiwa bado pakavu. Tukapiga kelele. Akatupungia mkono. Alidhani tunamsalimu. Mashua ilipofika pale, hapakuwa na pale. Nilikupita kama ukuta kwa sababu ningekuambia nini? Kwamba nilimpungia na mimi?"

Upepo ulipindua pindo la gauni moja, ukaliacha.

"Uso wake," Muema alisema. "Alikuwa ametazama wapi?"

"Swali gani hilo?"

"Nijibu, dada yangu."

Nuria alifikiri. "Hilo ndilo lililonishangaza. Kila mtu hutazama bahari. Yeye aliipa mgongo. Alitazama juu, vilimani, ghuba inakoanzia, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama anayengoja kuitwa."

Muema alijishika ukutani. Kwao Kitui, mito hukauka ikabaki mchanga, na watu huchimba mchanga huo wapate maji ya kunywa. Mtoto anayepelekwa kuchota hufundishwa kuelekeza uso na sikio vilimani. Mvua ikinyesha mbali, mto hushuka kwa ghafla, lakini hunguruma kabla ya kufika, na anayeusikia huacha mtungi akakimbia. Hakuna mto uliowahi kumjia mtu kwa nyuma, kutoka chini. Nuria, aliyezaliwa Kibera na kunywa maji ya bomba maisha yake yote, asingeweza kuutunga uongo wa namna hiyo. Mke aliyekuwa akimtukana moyoni mwaka mzima alikuwa amepiga magoti, ametega sikio kama alivyofunzwa, akiungoja mngurumo ambao bahari haina.

Chege alifika na gunia begani. Akainua gauni la juu, akalitazama kwenye mwanga.

"Ndizo hizi? Mbona safi hivi! Mwenyewe amenenepa nini?"

"Rudi, Chege."

"Aa, mzee, nimetoka Kawangware kwa miguu!"

"Rudi tu. Za marehemu siuzi."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita Kamene marehemu. Nuria alijifunika uso kwa leso. Chege alilirudisha gauni taratibu, akavua kofia.

Siku hizi, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, jina la Kamene husomwa kanisani pamoja na majina ya marehemu.