Sarafu Iliyokosa Mikato

Siku ile mjinga alikuwa Clive Tranter, na mwenyewe hakatai. Anachoomba ni kupunguziwa lawama kidogo.

Alikuwa mezani kwake kwenye soko la sarafu la Birmingham, lile la kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Miaka kumi na moja alikuwa akisaka kitu kimoja tu: sarafu ya majaribio ya ile ndogo ya madini ya fedha, yenye uzito wa sehemu ya kumi ya wakia. Kiwanda cha sarafu kiligonga chache kujaribu mihuri ya kuchapia kabla ya kuanza kazi yenyewe. Zilizojulikana zilikuwa tatu, na walio nazo hawaziachii.

Akaja Bi Olwen Prosser, mjane, na kikopo cha peremende. Ndani mlikuwa na sarafu moja. Clive akaipima: imezidi uzito. Akapapasa ukingo: laini, hauna mikato, vile vijistari vya pembeni. Vipimo vya sarafu halali alivijua kama jina la mama yake.

"Mama yangu, hapa umepigwa. Hata ukingo wamesahau! Mfungie paka shingoni, apendeze."

Bi Olwen akafunga kikopo, akasogea meza ya jirani, kwa Beryl Aldridge. Desturi ya pale, mteja akishaondoka mezani kwako si wako tena. Clive akarudia chai yake.

Beryl hakugusa mizani. Alimvutia mgeni kiti, wakazungumza, na mwisho Bi Olwen akatoa barua: marehemu Prosser alikuwa fundi wa kufunga mihuri kiwandani, na sarafu hiyo meneja alimpa siku ya kustaafu. Jaribio la kwanza kabisa, hata pete ya kutia mikato ukingoni ilikuwa haijafungwa.

Chai ikampanda Clive puani. Sarafu ya majaribio haifuati vipimo. Hilo yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wenzake.

"Bi Olwen, subiri! Bei ya Beryl naizidisha mara mbili!"

"Kaa chini, Clive," Beryl akasema. "Tumeshapeana mikono."

"Mimi ndiye niliyeishika kwanza!"

"Ukaishika, ukaitema. Sasa unalia nini?"

Clive akamgeukia mjane. "Mama, niambie ukweli. Huyu kakupa nini ambacho mimi siwezi kukupa?"

Bi Olwen alikuwa anavaa glavu zake, kidole kimoja kimoja.

"Ameniuliza jina la mume wangu."