Kiu ya Dada wa Mapokezi

Saa ya chai Anifa huingia mapokezi na chupa yake kubwa, beseni la chapati kichwani, na kabla hajatua kitu mezani Dorika huwa ameshakifunika kikombe chake kifudifudi. Hawaulizani. Anifa humimina kwa wengine, bwana ardhi, bwana mifugo, dereva, halafu hukaa kidogo kwenye benchi la wageni apumzishe miguu.

Dorika hanywi kitu tangu anapotoka nyumbani mpaka anaporudi. Si mfungo wala si mwiko. Jengo jipya la serikali pale Mwampulo lina vyoo vya vigae, na kazi ya Dorika, pamoja na nyingine, ni kuwaelekeza wageni: nyoosha, kata kushoto, wanawake mlango wa kwanza. Yeye mwenyewe anatumia kitimwendo, na milango ile haipitishi kitimwendo hata ukikisukuma kwa hasira. Kwa hiyo alijengewa choo chake nje, nyuma ya jengo, na mlangoni wakachora mtu aliyekaa kwenye gurudumu, kwa rangi ya bluu, mchoro mzuri kabisa.

Tatizo lilikuwa mwamba. Huku kwetu ukichimba, hujafika hata kiunoni, unakutana na jiwe. Mafundi walipiga sururu mpaka mipini ikavunjika. Wakaona isiwe taabu, shimo wakalijenga juu ya ardhi badala ya chini, na choo wakakiweka juu ya shimo. Ndani hakikosekani kitu: vyuma vya kushikilia ukutani, sinki la chini, nafasi ya kugeuza kiti. Kukifikia unapanda ngazi nne. Siku ya makabidhiano Dorika alikaa chini ya zile ngazi akapigwa picha na kamati ya ujenzi, na kila mtu akampongeza. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, watu wakadhani ni furaha.

Mara mbili Kefa mlinzi na dereva walimbeba juu. Kefa ni mtu wa heshima, aliangalia pembeni muda wote na kusema, "Pole dada, pole dada," kama anayebeba mgonjwa. Dorika aliona aibu ambayo hata usingizi haukuiondoa. Tangu hapo akaacha kunywa.

Maji yalianza kutoka wakati ukame umeshazoeleka, chini ya ule mwamba, jirani na choo. Asubuhi Kefa alikuta udongo umelowa. Mchana palikuwa na kidimbwi, na jioni kina mama walikuwa wameshapanga ndoo. Hakuna aliyehangaika kuuliza yametoka wapi, maji ni maji. Ila Jumamosi yalikauka, na Jumapili hivyo hivyo, na Jumatatu Dorika alipofungua mapokezi yakarudi. Alipokwenda likizo kwa mama yake Ulemo, chemchemi nayo ikaenda likizo. Siku Anifa alipozidisha tangawizi kwenye chai, maji yakawa na tangawizi kwa mbali. Siku ya kumuaga bwana mifugo zikagawiwa soda, Dorika akaikataa ya kwake, na watoto wa shule wakaacha vipindi kwenda kunywa maji yenye mapovu. Mwalimu mkuu alikwenda kuwarudisha, naye akakaa.

Basi ikajulikana kwamba ile ni kiu ya Dorika. Mtaalamu wa maji alikuja kutoka Singida mjini, akapima, akasema kiu ya mtu mmoja haiwezi kutoa maji yote yale. Akapima tena akasema inaweza, inategemea imekaa miaka mingapi. Aliondoka na madumu mawili kwenye gari.

Mwampulo ikapata nafuu. Ng'ombe hawakupelekwa tena mbali kunywa. Anifa alilima vitunguu nyuma ya ofisi, vikatoka vinene, akaezeka nyumba bati. Kanisani walimwombea Dorika Jumapili, msikitini Ijumaa, na akionekana barabarani watu walikisukuma kiti chake bila kuombwa. Yeye alikuwa akifika nyumbani jioni anakunywa kata tatu za maji bila kupumua, kisha analala chali akisubiri kichwa kiache kumgonga.

Masika yalipopita bila mvua, akaanza kuumwa. Mkojo ulimchoma, kiuno kikauma, homa ikawa inakuja na kuondoka inavyotaka. Daktari wa kituo cha afya alimwuliza anakunywa maji kiasi gani kwa siku, na Dorika akamwambia ukweli. Daktari, ambaye uji wake wa asubuhi ulipikwa kwa maji yale yale, aliandika kitu, akakifuta, akaandika tena.

"Kunywa," akasema hatimaye. "Figo hazijui mambo ya kamati."

Akanywa. Wiki nzima Anifa alimmiminia chai, na kila alipobanwa aliomba ruhusa, akakisukuma kiti kwenye mchanga mpaka nyumbani, akarudi amelowa jasho. Siku moja hakuwahi. Alikaa na sketi iliyolowa nyuma ya meza ya mapokezi, akiwaelekeza watu nyoosha, kata kushoto, mpaka saa ya kufunga. Nyuma ya jengo kidimbwi kikawa tope, na tope likapasuka. Hakuna aliyemtukana, watu wa Mwampulo wana adabu zao. Salamu tu ndizo zilizokuwa fupi, na barabarani kiti akawa anakisukuma mwenyewe.

Wakati huo alikuwepo mhandisi mpya, Emilian, kijana aliyehamishiwa pale baada ya ngazi kujengwa. Alikuja mapokezi na futi yake, akapima upana wa kiti, akapima urefu wa mkono wa Dorika. Akamwuliza mkono upi una nguvu, na kwenye mlima huwa anachokea wapi. Hakuna aliyewahi kumwuliza mambo hayo. Dorika alijibu kila kitu, akaongeza na ambayo hakuulizwa, kwamba mlango ufungukie nje, na komeo liwe la kusukuma kwa kiganja. Emilian akachora njia ya mteremko ya kupandia chooni, ndefu na ya taratibu, iliyopinda mara moja kuukwepa mwamba, yenye chuma cha kushikilia upande wa kushoto na kipande tambarare cha kupumzikia katikati. Saruji ilikuwepo stoo.

Kamati ikakaa, na Dorika akaitwa asikilize. Mwenyekiti Chediel aliuinua mchoro juu ili wote wauone, na wote wakausifu. Kisha Anifa, aliyekuwa mjumbe wa upande wa wananchi, akanyoosha mkono.

"Mchoro ni mzuri sana," akasema. "Na Dorika ni rafiki yangu, mwenyewe anajua. Mimi nauliza tu. Akipata choo, atakunywa. Akinywa, sisi tutakunywa nini?"

Mjumbe mmoja akaliandika swali hilo kwenye daftari.

"Anifa, mimi naumwa," Dorika akasema.

"Najua, mwenzangu. Na mimi shamba langu linakauka." Anifa alikuwa analia aliposema hivyo, na machozi yake yalikuwa ya kweli.

Dorika akageuza kiti kumwelekea mwenyekiti. "Mnijengee njia ya choo. Maji tafuteni kwingine. Mlikuwa mnaishi hapa kabla mimi sijaajiriwa."

"Dada Dorika," Chediel akasema kwa upole, "hoja yako tumeipokea kwa uzito wake."

Kamati ikaamua njia ya choo iingizwe kwenye mpango wa mwaka ujao. Na kwa kuwa saruji ikikaa sana huganda, itumike kujenga njia ya kuteremkia kwenye chemchemi, maana punda wa mikokoteni wamekuwa wakiteleza pale na mmoja ameshavunjika mguu. Michoro haikuwa shida, ilikuwepo tayari. Emilian alipinga, akaambiwa ajifunze kufanya kazi na jamii.

Wiki iliyofuata mkuu wa ofisi alimwita Dorika, akamwambia kwa utu kabisa kwamba kuondoka ondoka kazini kunaleta maneno. Dorika alirudi mezani kwake akiwa na hasira. Saa ya chai ilipofika akakifunika kikombe. Kufika mchana kina mama walikuwa wamepanga ndoo.

Njia ilikamilika kabla ya mavuno ya alizeti, nayo ilijengwa sawasawa na mchoro, mteremko wa taratibu, chuma upande wa kushoto, kipande tambarare katikati. Punda waliizoea siku ya kwanza. Walikuwa wanasimama pale katikati, wanapumzika, halafu wanaendelea.

Siku ya uzinduzi alikuja mgeni rasmi kutoka mkoani, na Dorika akaombwa awe wa kwanza kuteremka. Aliteremka polepole bila kusukumwa na mtu, mkono wa kushoto kwenye chuma, kiti kikienda kama kimepakwa mafuta. Ilikuwa raha, asiseme uongo. Angependa irudiwe. Chini kabisa mgeni rasmi alikuwa amesimama na glasi ya maji, safi, yenye baridi.

"Tuanze na dada yetu," mgeni rasmi akasema kwenye kipaza sauti. "Kunywa, dada."

Waliokuwa na ndoo wakaziweka chini. Anifa alikuwa mstari wa mbele, akaangalia viatu vyake. Dorika akaipokea glasi. Midomo ilikuwa imempasuka, na ulimi ulikuwa umekauka kiasi kwamba alisikia harufu ya maji kabla ya kuyaona vizuri. Alitaka kuyanywa kuliko alivyowahi kutaka kitu. Lakini jua lilikuwa bado la asubuhi, kwaya zilikuwa hazijaimba, hotuba zilikuwa mbele, na baada ya hapo mapokezi palikuwa panamngoja mpaka jioni. Akainua macho akakiangalia choo chake juu ya ngazi.

"Asante sana," akasema. "Kwa sasa hapana."

Akamrudishia glasi. Chemchemi ikapanda kidogo, ikamlowesha mgeni rasmi viatu, na mtu mmoja nyuma akashukuru Mungu kwa sauti. Mgeni rasmi akayanywa mwenyewe maji yale, akasema ni matamu, na watu wote wakapiga makofi.