Pamba ya Masikioni

...na meno anayakagua, Tirlochan, mkodishaji wa farasi wa harusi, ameingiza kidole gumba pembeni mwa mdomo wa farasi wetu Damini naye Damini anamvumilia, mimi nimeshika kamba karibu na kidevu chake nikijiambia tena kwamba hesabu nimeifanya sawasawa, bila haraka, kama nilivyokuwa nikikokotoa mteremko wa mifereji kabla sijastaafu, goti langu limewekewa chuma, mwanangu Jasraj yuko Kanada na harudi, mkewe Navroop ndiye anayebeba maji na majani kabla ya kwenda kufundisha, naye ataondoka viza yake ikitoka, kambi ya wapiganaji wa Kisikh huko Anandpur ina farasi wengi kuliko malisho, na kaka yangu Mehtab, aliyekuwa mwenye farasi huyu, alifariki baridi iliyopita tukamchoma kwa desturi yetu akiwa na nguo zake za buluu za kipiganaji... ukiyajumlisha hayo jibu ni moja, auzwe, nami jibu hilo ninalo tangu zamani, kwa hiyo sielewi kwa nini naikaza kamba hivi.

"Mweupe mpaka kope," anasema Tirlochan, "hana hata doa. Bwana harusi akipanda huyu, Sardarji, hata awe na sura ya nyanya iliyokanyagwa, kwenye picha atatoka mwana wa mfalme."

"Basi wewe ungempanda zamani," anasema Navroop kutoka mlangoni mwa banda, "labda ungeoa."

"Nimeoa, dada. Ndiyo maana nashinda barabarani na farasi."

Wanacheka, nami natabasamu kwa adabu, jicho langu liko langoni ambako mpiga ngoma, mtu mzima mwenye masharubu yaliyopakwa hina, ameishusha ngoma kutoka kwenye gari na anazikaza kamba zake, anagonga kwa kidole, anasikiliza, anakaza tena... nilijua atakuja naye, hakuna anayenunua farasi wa harusi bila kumjaribu kwa ngoma, na hapo, kama nitausema ukweli, ndipo nilipojificha, kwa sababu Damini alipokuwa mtoto Mehtab alimwagia dengu zilizolowekwa juu ya ngozi ya ngoma kubwa ya vita, akaipiga ubavuni huku farasi anakula, kila siku, hadi mlio ukawa chakula na chakula kikawa mbio, ngoma ikilia yeye haogopi wala hachezi, anakwenda mbele, anakwenda kifua wazi kama ukuta wa maji lango la mfereji likifunguliwa ghafla, kila mwaka uwanjani Anandpur baada ya sikukuu ya Holi nilimwona akitoka hivyo katikati ya vumbi, Mehtab amesimama wima juu yake, mguu mmoja mgongoni mwa Damini na mwingine mgongoni mwa farasi wa kando, hatamu kaziuma kwa meno, mkuki mkononi, nami kwenye kivuli cha hema la wageni nikikadiria pembe ya magoti yake... Tirlochan hajui, sikumwambia, niliacha ngoma ije ikatae kwa niaba yangu, farasi atoke mbio, mnunuzi akasirike aende zake, na mimi nibaki mtu mwenye busara aliyejaribu kuuza akashindwa.

"Baba," Navroop ananiita, "umesikia? Anauliza kama anashtuka."

"Hashtuki," nasema, na hilo si uongo, hashtuki...

"Hata wakishtuka mimi sijali," anasema Tirlochan, anachomoa mfukoni furushi la pamba, anamega tonge moja na kulifinyanga kwa vidole, "wangu wote nawaziba masikio. Huyu naye atazibwa toka leo. Bendi nzima ipige, fataki zilie, yeye anatembea kama yuko msibani. Shika, Sardarji, kwako atatulia zaidi."

Na sasa pamba iko kiganjani mwangu, nyepesi kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa nikipime, sikuiweka hii kwenye hesabu, mimi niliyejivunia kwamba sisahau kigezo, kwa hiyo ngoma haitakataa chochote, atauzwa kweli, jioni hii hii, atavishwa shada za karatasi ya dhahabu na kupitishwa mbele ya majenereta, kiziwi, miaka yake yote iliyobaki... Mehtab hakumwita farasi, alimwita ndugu wa uhai, ndivyo wasemavyo wenzake wa buluu, katika lugha yao kitunguu huitwa fedha, dengu huitwa lozi, na mtu mmoja akiingia kijijini peke yake na njaa yake anatangaza kwamba jeshi la laki na robo limefika, nami nilikuwa nikimwambia, kaka, moja ni moja, naye akijibu, basi wewe endelea kuhesabu, sisi tutaendelea kufika, akapanda akaenda, na hakumwachia mtu elimu ile, vijana walikuja wakapiga picha wakaondoka, mimi mwenye shahada sikujifunza hata kusimama juu ya farasi aliyelala, mwanafunzi aliyehitimu kwake ni huyu tu, mwenye miguu minne, na yote aliyoyajua Mehtab yanaingilia hapa, katika tundu hili la sikio lenye manyoya laini ninalotakiwa kuliziba.

Ninainua mkono na Damini anainamisha kichwa. Anakiinamisha chini kabisa, hadi kifuani pangu, anafumba macho nusu, na inanichukua pumzi mbili kuelewa, hivi ndivyo alivyokuwa akiinama kila Mehtab alipomfunga pete ya chuma kwenye paji la uso kabla ya uwanja, anadhani ninamvisha kwa vita, anadhani hatimaye kuna mtu... na hapana, simuuzi, nalijua hilo sasa kwa uhakika usio na furaha, kwa maana hakuna kinachookoka nikimbakiza, Navroop ataondoka, mimi nitachechemea na ndoo, atazeekea kwenye kamba hii na siku akifa sitakuwapo au nitakuwapo, na tofauti ni ndogo, na uwanjani hatarudi. Lakini afe anasikia.

"Vipi, Sardarji, imenasa?" anauliza Tirlochan.

Pamba ingali kiganjani, Damini angali ameinama, langoni kamba ya mwisho imekazwa na mpiga ngoma anakuja, anatabasamu, anajipanga mbele ya kifua cha Damini, fimbo juu, nami nasikia sauti yangu ikitoka kavu na ya kawaida.

"Ndugu yangu," namwambia mpiga ngoma, "usisimame hapo. Simama nyuma yake."