Ukurasa wa Nne wa Kijarida cha Lifti

Jumanne ya tarehe kumi na nne, saa nne na dakika tano asubuhi, lifti ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Ndani alikuwamo mke wa mpaka rangi, na pumu yake na mfuko wa viazi. Ilifunguliwa saa saba, ameshakufa. Ofisi ya jengo ilisema ufunguo haukuonekana.

Mwaka ulipotimia, wapangaji waliamua kutengeneza kijarida cha kuipelekea ofisi. Karatasi moja, mikunjo mitatu, mkasi katikati, tayari una kurasa nane, kila nyumba na wake. Mshonaji wa ghorofa ya pili, aliyefanywa mhariri kwa sababu mkasi ulikuwa wake, aliwaonya kwamba kurasa za safu ya juu ziandikwe kichwa chini, la sivyo msomaji atavunjika shingo. Mpaka rangi hakuelewa, wala hakuuliza. Ukurasa wa nne, uliokuwa wake, aliuacha mtupu. Shule aliishia darasa la tatu. Barua za nyumbani alikuwa akiandika marehemu. Isitoshe, alisema, wakubwa wale wa ofisini husoma majina yao tu.

Kopi ya kwanza ilipotoka mashineni, ukurasa wa nne ulikuwa na mwandiko wa marehemu, kichwa chini kama ilivyotakiwa. *Saa nne na dakika tano. Imesimama. Nabonyeza kengele.* Kopi ya pili: *Saa nne na dakika kumi. Kengele hailii.* Mwenye mashine aliuliza kama aendelee au afute kioo kwanza.

"Shemeji, tulisema ishirini," mshonaji alikumbusha.

"Ishirini zinaishia saa tano na dakika arobaini. Yeye alikaa zaidi ya hapo," mpaka rangi alisema.

Wakaendelea. Mshonaji alikunja, akakata, akabana mikunjo kwa kucha. Mpaka rangi alisoma kwa kidole, akizipanga na kuzipangua, asijue aanzie wapi kuelewa. Kopi ya kumi na saba ilisema shati lake la kazi limekatika vifungo viwili, asitoke nalo hivyo. Alijitazama kifuani. Kweli.

Kopi ya thelathini na moja: *Saa sita na dakika thelathini na tano. Mtu anashuka ngazi, funguo zinalia kiunoni. Nimegonga. Amesimama. Ameendelea kushuka.*

Zilizofuata zilitoka tupu.

Mpaka rangi alizipeleka zote ofisini. Karani aligonga kila moja muhuri wa IMEPOKELEWA, akaomba siku nyingine wasiandike kichwa chini.

Wiki iliyofuata ofisi ilimwita apake upya kibao cha mlango wa lifti, MATENGENEZO YANAENDELEA, maana herufi zilikuwa zimefifia. Hakuna mwingine aliyejua kazi hiyo, akaenda, na shati lake lisilo na vifungo viwili. Alipofika kwenye herufi ya mwisho, wasimamizi watatu wa jengo walipita nyuma yake wakishuka ngazi, kila mmoja na funguo zake kiunoni, zote zikilia mlio uleule.

Aligeuka, brashi mkononi, akaiuliza migongo yao:

"Yupi kati yenu alisimama?"