Kamera ya Nguzo ya Kati

Mwenye kiwanda alikuwa amechoshwa na wizi. Sare za shule zilishonwa, zikapigwa pasi, zikafungwa mafungu na kuingizwa stoo, na kila mteja alipokuja kuchukua mzigo wake, mzigo ulikutwa umepungua. Ndipo alipomwita Waya, fundi wa kamera, mtu mwembamba ambaye jina lake la utani lilimkaa mwilini. Alitaka mtambo kamili: kamera ndani na nje, zote ziungwe kwa kebo za mtandao mpaka kwenye mashine moja ya kurekodi ofisini, naye aweze kukiona kiwanda chake kwenye simu hata akiwa safarini.

"Msimamizi wangu wa cherehani atakuzungusha," alisema. "Hakuna kona asiyoijua."

Msimamizi akaingia, mkasi unaning'inia shingoni kwa utepe. Alikuwa mtalaka wa Waya.

"Kumbe mnajuana," mwenye kiwanda alisema, akiwatazama huyu na huyu.

"Ni baba wa mwanangu," mwanamke alijibu. "Udugu wetu unaishia hapo. Haya fundi, twende, nina watu wa kusimamia."

Waya akachukua ubao wenye mchoro wa jengo, akamfuata. Kupanga kamera ni kazi ya kutembea na kutazama: wapi jua linaingia likawafanya watu waonekane vivuli vitupu, wapi dari itashika skrubu, kebo zipite wapi zisikutane na nyaya za umeme. Kila alipoweka alama kwenye mchoro, mwanamke alikuwa na neno.

"Hiyo umeiweka juu mno. Utapiga picha za vipara?"

"Kila mtu na kazi yake, bibi."

"Hata nyumbani ulikuwa unasema hivyohivyo, na bomba la jikoni likavuja mpaka nikahama."

Washonaji waliokuwa karibu walicheka bila kuinua vichwa. Waya akakaza taya, akaendelea.

Walipofika nguzo ya kati, karibu na mlango wa stoo, kejeli zilikwisha. Nyuma ya nguzo ile kulikuwa na kona iliyozibwa kwa pazia fupi. Humo wanawake walibadilisha nguo wakifika na wakiondoka, na wenye watoto wachanga walijikamulia maziwa mchana.

"Hapa hapana," mwanamke alisema. "Kamera ikikaa juu ya nguzo hii itaona mpaka ndani ya pazia."

"Stoo ndiyo inayoibiwa. Hapa ndipo penyewe."

"Iweke juu ya mlango, itazame nje."

"Itapigwa na mwanga wa dirisha lile."

"Basi tafuta pengine. Si wewe fundi?"

Waya alijua kwamba pengine palikuwepo. Ukuta wa mkabala ungefaa, ila ulitaka kebo ndefu na kutoboa kwingi. Alijua pia kwamba ndani ya mtambo wenyewe mtu anaweza kuziba sehemu ya picha kwa weusi, isionekane wala isirekodiwe. Angeweza kumwambia. Lakini mwanamke alikuwa amesimama pale mikono kiunoni, kidevu juu, vilevile alivyosimama mbele ya wakubwa wa familia siku aliyosema hamtaki tena. Waya akaweka alama nyekundu palepale kwenye nguzo, akaikoleza.

"Aliyeniita ni mwenye kiwanda," alisema. "Sio wewe."

Siku za kufunga, hakuna aliyemsemesha. Alivuta kebo juu ya dari, akazishusha ndani ya mabomba ya plastiki, akatoboa, akakohoa vumbi. Aliomba maji ya kunywa, akaonyeshwa bomba la nje. Hatimaye picha zikatokea ofisini, zimejipanga kwenye skrini. Katika ile ya nguzo mlango wa stoo ulionekana vizuri, na pembeni yake pazia, na yaliyokuwa nyuma ya pazia. Waya akaiona, akaiacha hivyohivyo.

Haukupita muda, picha ya nguzo ikapotea. Kebo ilikuwa imekatwa. Akaweka nyingine, nayo ikakatwa. Safari hii alirudisha nyuma picha za kamera iliyokuwa dirishani. Mchana kweupe, watu wakiwa wametoka kwenda kula, mtalaka wake alipanda stuli, akavua mkasi shingoni, akakata. Kisha akaigeukia kamera ya dirishani na kuikodolea macho, kama anayeuliza, sasa utanifanya nini?

Waya akacheka peke yake. Kwa miaka yote waliyoachana hakuwahi kumpata pabaya namna hii. Akambebea mwenye kiwanda picha zile mbiombio, akaapa kwamba stoo haina namna nyingine ya kulindwa.

Mwanamke akaitwa ofisini.

"Ni wewe huyu?" mwenye kiwanda aliuliza.

"Ni mimi. Mkirudisha nitakata tena. Mwambie akuonyeshe kamera yenyewe ilikuwa inaona nini."

Mwenye kiwanda akamgeukia Waya, na Waya hakuwa na pa kukwepa. Alibonyeza. Juu ya pazia yakaonekana mabega na migongo ya wanawake, mmoja ameinama, kifua wazi, anakamua. Mwenye kiwanda alikohoa, akatazama pembeni.

"Watabadilishia chooni," alisema. "Siwezi kuibiwa kwa sababu ya pazia. Na wewe umeharibu kifaa changu. Acha mkasi, uende."

"Mkasi ni wangu," mwanamke alisema, akatoka.

Waya alibaki na tabasamu ambalo hakujua alipeleke wapi. Ndipo aliposikia ukimya. Ngurumo ya cherehani ilikuwa inazimika mstari baada ya mstari. Kwenye skrini wanawake walikuwa wanainuka, wanachukua mikoba yao. Wanatoka kwenye picha hii, wanaingia kwenye ile, mpaka wote wakajaa katika picha ya getini, nyuma ya msimamizi wao. Kamera nyingine zote zikabaki zinalinda viti vitupu.

Mwenye kiwanda akatoka mbio. Waya alimwona kwenye skrini akibembeleza kwa mikono, na mtalaka wake akitikisa kichwa. Waliporudi ofisini wawili hao, mwenye kiwanda alikuwa anatweta kwa hasira.

"Uliniambia hapakuwa na namna nyingine!"

"Namna ipo," Waya alisema haraka. "Naweza kuziba hapo penye pazia kwa weusi. Hakitaonekana kitu."

Mwanamke akamtazama usoni. "Uliweza tangu lini?"

Waya akaigeukia skrini.

"Tangu siku ya kwanza," mwanamke alijijibu mwenyewe. "Ulijua, ukawaacha wenzangu uchi ili unikomoe mimi. Na huo weusi utauondoa siku nyingine ukinikasirikia. Sitaki. Toa."

"Toa," mwenye kiwanda alisema. "Uipeleke ukuta wa mkabala. Na ukimaliza, sitaki kukuona tena hapa."

Wizi ulikuja kukoma bila mwizi kujulikana, lakini siku ile hakuna aliyekuwa anawaza wizi. Cherehani zilikuwa zimeanza tena kunguruma Waya alipopanda ngazi. Ngazi ilitikisika. Mtalaka wake alisimama chini yake, mikono kifuani, asiishike. Waya alifungua skrubu, akashusha kamera, akavuta kebo yote mpaka mwisho.

"Mashimo," mwanamke alisema.

Akakoroga saruji kidogo, akayaziba. Mwanamke alipanda stuli, akapapasa nguzo kwa kidole, akashuka.

"Bado yanaonekana."

Waya akakoroga nyingine.