Petali Tano

Mwaka jana, kwenye maonyesho ya maua, wifi wa mwenye kitalu alipokea kikombe kwa ua ambalo hakulikuza bali alilichukua kitaluni kwa siri, na bila haya akaliita kwa jina lake mwenyewe. Ua lile lilikuwa la mama yake mwenye kitalu. Marehemu aliliona msituni, katikati ya maua ya kawaida yenye petali tano, peke yake likiwa limejaa petali kama kabichi, akalichimbua na kulilea bustanini mpaka uzee wake. Mwenye kitalu alinyamaza kwa ajili ya kaka yake. Alinyamaza, lakini moyo haukupoa hata siku moja.

Mwaka huu hakufunga mlango wa kitalu. Alileta miche ya msituni, akaipanga kwenye vyungu na kuichomekea vibao: "La mama." La mama lenyewe akalificha nyuma ya nyumba. Kabla tumba halijafunguka, maua hayo ni pacha. Tofauti iko kwenye kikonyo: la msituni lina vinyweleo, la bustani ni laini. Anayejua hupapasa kwa kidole. Wifi, na mkono wake mwepesi, alisoma vibao tu, wala hakujiuliza tangu lini mtu aliyekulia kati ya maua hayo akahitaji kuyaandikia vibao. Vyungu viwili vilipotoweka, mwenye kitalu alicheka peke yake mpaka mbavu zikamuuma.

Siku ya maonyesho ukumbi ulikuwa na joto, na matumba ya wifi yakafunguka mbele ya watu. Petali tano. Jaji akainama, akapapasa kikonyo.

"Mama, hili ni ua la msituni. Huko yamejaa tele."

Wifi akamgeukia mwenye kitalu, macho yamemtoka. "Ni wewe! Umenibadilishia, mchawi wewe! Kibao kilisema la mama!"

Ukumbi mzima ukageuka.

"Kibao cha nani, wifi yangu?" mwenye kitalu akauliza kwa upole. "Kwenye kitalu cha nani?"



"Dada, yaishe," kaka mtu akasihi, kichwa kimeinama. "Inatosha."

"Haijatosha. Aseme la mwaka jana lilikuwa la nani."

Wifi alitazama mlangoni, akamtazama mumewe, akakosa pa kushika.

"La mama mkwe wangu," akasema kwa sauti ya mbu.

"Paza sauti, wifi. Wa nyuma hawajasikia."